Kijani cha Tatu

Jumatatu, Machi 4

Leo nimeingia kazini nikiwa mke wa mtu. Nimeiandika sentensi hiyo kabla ya nyingine zote kwa sababu nilitaka kuiona kwa wino.

Tulitoka nyumbani chini ya mwavuli mmoja, mvua ya kwanza ya msimu ikitupiga magotini, na mume wangu akanipa upande mkubwa wa mwavuli hadi bega lake likalowa chapachapa. Nilimwambia auvute kwake. Akasema bega ni lake na mwavuli ni wangu. Sijui nimfanyeje mtu kama huyu.

Kiwanda cha uchapaji ni cha mama yake. Ni jengo moja lenye ukuta katikati. Mbele kuna kaunta ya wifi yangu, dada yake mume wangu, na nyuma ya kaunta ndipo chumba changu cha kompyuta. Huko napanga kazi za wateja na kuzitoa kuwa PDF, kisha PDF inachongewa pleti, yaani mabamba ya kuchapia, na pleti zinakwenda kufungwa mashineni. Mashine iko upande wa pili wa ukuta, na anayeiendesha ni mume wangu. Nikiweka kiganja ukutani naisikia inavyotetemeka. Wifi alinikuta nimekiweka, akauliza kama ukuta una homa.

Mama mkwe ana sheria yake: wa kompyuta hakanyagi kwa mashine, na wa mashine hakanyagi kwa kompyuta. Pleti anazipeleka yeye kwa mkono wake. Zamani, anasema, watu wa pande mbili walikuwa wakigombana mbele ya wateja mpaka wateja wakawa wanakuja kutazama tu. Nilimwitikia, ndiyo Mama.

Saa ya chakula wifi akaniletea ua la karatasi kutoka upande wa pili, akisema yeye hakuajiriwa kuwa tarishi wa mahaba. Amelikunja mume wangu! Amelikunja kwa ule ukanda unaokatwa pembeni ya kila karatasi ikishachapwa, wenye mstari wa visanduku vya rangi: buluu, waridi, manjano, nyeusi na kijivu. Kila petali ina rangi yake. Nimelitia kwenye glasi dirishani.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Ua jingine. Nampenda.

Ijumaa, Machi 8

Leo imeingia kazi kubwa. Ameileta mama mmoja wa chama cha wakulima, mwenye buti za mpira na sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba. Wifi amekwisha kumbatiza Mama Mbegu.

Anataka kadi. Kila kadi ina vijani vinne vilivyopangwa kama ngazi, kuanzia kilichopauka hadi kilichokolea. Mkulima anachuma jani la hindi, analiweka juu ya kadi, anaangalia limelingana na ngazi gani. Likilingana na ya kwanza au ya pili, shamba lina njaa, litiwe mbolea. Likilingana na ya tatu, aliache kama lilivyo. Kwa hiyo kijani cha tatu ndicho kadi yenyewe, alisema, akakigonga kwa ukucha. Ametuachia kadi ya mfano, imefungwa kwenye karatasi nyeusi isipigwe na mwanga.

Kadi ziwe mikononi mwa wakulima mahindi yakiwa bado yanafika magotini. Mvua ikishakwenda mbali, hazina kazi tena.

Nilijitolea kabla ya kuulizwa. Nilimwambia mama mkwe kwamba mimi na mume wangu tutaifanya vizuri mpaka ashangae. Yeye akafunga kitasa cha mlango wa mashine ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Jumatatu, Machi 11

Sikuweza kumaliza chakula.

Tunaishi kwa mama mkwe, chumba cha uani, na jioni tunakula wote mezani kwake. Alingoja sahani zijae ndipo akasema kwamba tawi letu la mji wa pili linahitaji mtu wa mashine. Safari ya huko ni ya kutwa nzima na barabara mvua hii imeila. Anayekwenda analala huko, anarudi mwisho wa mwezi. Akamtazama mwanawe.

Mume wangu alisema, "Mama, tumeoana juzi."

"Ndiyo maana," akajibu. "Sina ugomvi na mapenzi yenu. Lakini kazi inataka mtu wa kumwambia mwenzake kwamba hii ni mbovu. Nyinyi hamtaambiana."

Kisha akatoa masharti yake kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Kazi ya Mama Mbegu ikipita, mwanawe atabaki. Isipopita, atakwenda tawini, na hapa ataletwa mtu ambaye hana habari na rangi ya macho yangu. Wifi aliinamia sahani yake. Hakutania, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Chumbani mume wangu alinishika mikono, akasema kadi ni kadi tu, hata tukifumba macho itatoka. Nilicheka ili acheke.

Jumatano, Machi 13

Imekataliwa.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi mahali tulipokuwa tukichapa mabango ya barabarani. Kule unatoa PDF na rangi zilezile za skrini, na mashine ya mabango inajua yenyewe la kufanya. Nimefanya vilevile hapa. Kwenye skrini vijani vyangu vinne vilikuwa vinawaka kama shamba lililotoka kuoshwa. Kwenye kadi vimetoka vizito na vimefifia, kama mboga iliyopikwa ikasahauliwa. Cha tatu na cha nne vilikuwa ndugu mapacha.

Mama Mbegu alikuja na majani ya mahindi yamefungwa kwa kitambaa kibichi. Aliliweka moja juu ya kadi yetu, akatikisa kichwa. Kwa kadi hii, alisema, kila jani litaonekana limepauka, na watu watamwaga mbolea kwenye mashamba yaliyoshiba.

Mama mkwe akamuuliza mwanawe kasoro iko wapi. Nilikuwa nimesimama palepale. Mume wangu alisema ni karatasi, imekunywa unyevu wa mvua. Hakunitazama hata kidogo.

Jioni nilimwuliza kama kweli ni unyevu. Akasema hali hii ya hewa ingemchosha hata aliyetengeneza karatasi. Nikamwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Alhamisi, Machi 14

Ua. Linaelekea ukahawia kidogo, nafikiri kwa sababu ya unyevu. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Jumamosi, Machi 16

Haikuwa karatasi. Ni mimi.

Wifi alifunga kaunta mapema, nami nikabaki kulifungua, kwenye kompyuta, lile dirisha la kutolea PDF, nikasoma kila kipengele badala ya kubofya tu kama nilivyozoea. Kuna sehemu ya profaili ya rangi. Yangu ilikuwa haina kitu.

Naandika nilivyoelewa, nisije nikasahau. Skrini inatengeneza rangi kwa taa. Karatasi haina taa, ina wino wa aina nne tu: buluu, waridi, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka kwenye skrini hakipo kabisa ndani ya wino. Lazima mtu akitafutie kijani cha karibu, na profaili ndiyo inayosema kitafutwe vipi: wino huu, karatasi hii, inakunywa kiasi hiki. Karatasi inayong'aa ina profaili yake na kadi kavu kama ya Mama Mbegu, inayoandikika kwa kalamu, ina yake. Usipochagua, mashine ya pleti inachagua inavyotaka, na haijawahi kuona shamba.

Nimechagua ya kadi kavu. Nikawasha sehemu inayoonyesha kwenye skrini kazi itakavyokuwa ikishachapwa, na vijani vyangu vikashuka, vikatulia, vikakaa karibu kabisa na kadi ya mfano. Moyo ulinitua.

Kisha nikawaza: nimwambie? Amesimama mbele ya mama yake akabeba kosa langu akiliita unyevu. Nikimwambia ni langu, nimemfanya mwongo. Nikinyamaza na kazi ikatoka nzuri, kila mtu atasema mvua imepungua. Nimenyamaza. Namfanyia kwa mapenzi, nataka afungue mashine akute kila kitu kimenyooka, afurahi bila kujua kwa nini.

Jumanne, Machi 19

Kesho tunachapa tena. Mama mkwe amechukua pleti. Nimeomba dua kuhusu kijani, kitu ambacho sikuwahi kufikiri nitakiombea.

Jumatano, Machi 20

Nimelia kwenye choo cha kiwandani hadi wifi akaja kugonga, akisema kuna wateja wanaohitaji huduma hiyo.

Safari hii imetoka vibaya kwa namna ambayo siielewi. Mama Mbegu hakutazama kadi moja tu. Alichukua karatasi ya juu ya rundo, akachomoa ya katikati, akavuta ya chini, akazilaza kwenye kaunta. Ya chini, iliyochapwa mwanzo, ilikuwa ya manjano kama homa. Ya katikati ilikuwa imepunguza. Ya juu ilikuwa inavuta buluu. Rundo moja, na kila karatasi na shamba lake.

"Hii ya manjano ndiyo mbaya kuliko zote," alisema. "Kila jani litaonekana limeshiba. Shamba litakufa njaa na mwenyewe anashukuru."

Mama mkwe alimwuliza mwanawe kwa upole, na upole wake unakata. Yeye akarudia: unyevu. Safari hii wifi aliinua macho, kwa maana karatasi zilifunikwa nailoni wiki nzima na yeye ndiye aliyezifunika.

Tumepewa nafasi moja, Jumatatu. Mama Mbegu atakuja kusimama mwenyewe. Mahindi, amesema, hayatusubiri. Na mama mkwe amewaambia watu wa tawini waandae chumba.

Alhamisi, Machi 21

Njia nzima ametazama viatu vyake. Bado ananipa upande mkubwa wa mwavuli.

Ijumaa, Machi 22

Nimefikiri mpaka kichwa kimekuwa kizito. Karatasi za mwanzo zilikuwa za manjano. Basi profaili niliyochagua imeweka manjano mengi kuliko mashine yetu inavyopenda. Haiwezekani iwe kitu kingine, mume wangu anajua mashine ile kama mimi ninavyojua sauti yake.

Nimeingia kwenye vijani vyote vinne nikapunguza manjano kwa mkono, kidogo kidogo, nikikisia. Kwenye skrini sasa vinaonekana vya baridi, vinavuta buluu, na nafsi inaniambia si sawa. Lakini nimeona kwa macho yangu yale manjano kwenye kaunta. Nimetoa PDF, pleti zimechongwa, mama mkwe amezibeba na kuzifungia.

Sijamwambia mume wangu. Ana mzigo wa kutosha. Jioni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anapangusa begi lake vumbi. Aliponiona alilisukuma chini ya kitanda na kuniuliza kama leo nimependeza kwa makusudi au imetokea tu. Nilicheka. Nikageuka upande wa ukuta.

Jumatatu, Machi 25

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Asubuhi Mama Mbegu alifika na majani yake ndani ya kitambaa, akapitishwa kwa mashine pamoja na mama mkwe, na mlango ukafungwa. Nikabaki na wifi. Ukuta ulianza kutetemeka. Niliketi nimeshika mikono yangu miwili kama mtu anayezuia mmoja usimpige mwenzake.

Wifi alikuja dirishani kunipa maneno ya kunituliza, na kwa kuwa hajui kutuliza watu, akayageukia maua. Wakati huo glasi ilikuwa imejaa. Akasema, "Wifi, kaka yangu anakupenda lakini hajui kuoka. Tazama, mengine yameungua."

Nikamwambia ni unyevu.

"Unyevu gani unaochagua? Haya hapa yako sawa. Haya ndiyo yameungua."

Nikatazama.

Namwomba yeyote atakayesoma aniwie radhi, maana mimi ni mtu wa kiwandani na mstari ule wa visanduku naujua. Haukuwekwa pale kwa urembo. Kila kazi inachapwa na mstari uleule pembeni, ili wino usomwe. Kisanduku cha kijivu ndicho shahidi wake: kimetengenezwa kwa buluu, waridi na manjano kwa pamoja, na wino ukitoka kwa kipimo kinakuwa kijivu kama jivu. Manjano yakifunguliwa kupita kipimo, kijivu kinageuka kahawia. Na mstari ule haupiti kwenye profaili yangu, nikosee nisikosee hauguswi. Anayeweza kuubadilisha ni mkono ulioko kwenye skrubu za wino, zile za mashineni zinazofungua na kupunguza kila rangi.

Nilikuwa nimeyatazama maua yale kila siku kama bibi harusi. Sikuyasoma hata mara moja.

Niliyamwaga mezani, nikayapanga kwa siku nilizoyapata. Petali za kisanduku cha kijivu kutoka kazi za watu wengine, majalada ya madaftari, risiti, vibandiko, zote zilikuwa kijivu safi. Petali kama hizo za tarehe kumi na nne, za kadi zetu za kwanza, zilikuwa kahawia. Za tarehe ishirini zilikuwa kahawia kama udongo, na katika ua moja, lililokunjwa kwa kanda za karatasi mbalimbali, petali ya udongo ilikaa jirani na ya kijivu.

Kazi yangu tu. Alikuwa anafungua manjano kwenye kazi yangu tu. Mara ya kwanza aliona faili langu limekufa, akalitia uhai kwa skrubu na hakuniambia. Mara ya pili nilikuwa nimelinyoosha, na hakujua. Alianza na manjano yamefunguliwa tayari, ili anisaidie, yakazidi, akawa anayarudisha huku karatasi zinatoka. Na mimi nikaona yale manjano yake nikadhani ni yangu, nikayatoa kwenye faili. Mara ya tatu ilikuwa inachapwa dakika ileile upande wa pili wa ukuta, yeye akisahihisha kosa ambalo nililiondoa, mimi nikiwa nimesahihisha kosa ambalo halikuwepo.

Nilijua pia nini kingefuata nikisema. Mama mkwe alisema hatutaambiana. Nikifungua mlango ule, nampelekea ushahidi mkononi, tena mbele ya mteja. Nikikaa kimya, kadi zinaharibika na anakwenda tawini kwa sababu ya unyevu ambao haupo, na mashamba ya watu yanakwenda naye.

Wifi aliniona nimesimama. Akasema taratibu, "Usithubutu." Kisha akatazama maua, akatazama uso wangu, akasogea kando kunipisha.

Niliufungua mlango. Kelele zilinipiga kifuani. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya skrubu, kidole kwenye zile za manjano, na uso wake uliponiona sijui niuelezeje. Ulifurahi kwanza. Ndipo ukaogopa.

"Zima," nikamwambia.

Mama mkwe akauliza nani ameniruhusu. Mume wangu akazima mashine. Nikaweka maua mawili juu ya rundo, la kijivu na la kahawia, nikaanza kuongea, na nilisema yote: mabango, profaili iliyokuwa tupu, kunyoosha kwa siri, manjano niliyoyapunguza kwa kukisia Ijumaa. Nikasema pleti zilizoko mashineni sasa hivi nimezipinda mimi mwenyewe.

Mume wangu alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Unyevu hakuna, Mama," alisema mwishowe. "Nilikuwa namfichia."

"Na maua?" nikamwuliza. Sikutaka kumwuliza mbele ya watu, limetoka tu. "Ulikuwa unakunja ili nisione?"

"La kwanza nilikunja kwa sababu nilikukumbuka. Umbali wa ukuta tu, nikakukumbuka." Akatazama skrubu zake. "Ya kahawia nilikunja usiyasome."

Liliniuma. Naandika kwamba liliniuma, kwa sababu ndani ya daftari hili nimemwandika kama malaika, na malaika hafichi karatasi. Lakini mimi nami nilikuwa nimeficha, na hata maua sikumpa.

Mama mkwe alivua miwani. Nilingoja neno la tawini. Alimgeukia Mama Mbegu, akamwomba amwazime asubuhi iliyobaki. Mama Mbegu alikuwa ameketi juu ya rimu za karatasi, buti zimenyooshwa mbele. Akasema ameshatazama mahindi yakiota, hili nalo anaweza kulitazama.

Nilirudi kwenye kompyuta na mama mkwe akanifuata, akasimama nyuma ya kiti. Nikarudisha vijani kama vilivyokuwa, nikachagua profaili ya kadi kavu, nikatoa PDF mbele ya macho yake, nikamwonyesha kila nilichobofya. Pleti mpya zilipochongwa alizibeba, akanifanyia ishara kwa kidevu nifuate. Mashineni alimwamuru mwanawe azirudishe skrubu zote kwenye kipimo, mpaka kijivu kiwe kijivu, kisha aweke mikono mgongoni. Mimi vilevile. Tukasimama hivyo kila mmoja upande wake kama watoto waliovunja sahani, yeye katikati.

Karatasi zikatoka. Mama mkwe akauchukua ule mstari, akaushika kwenye mwanga wa mlangoni, akarudi. Mama Mbegu akafungua kitambaa chake, akachagua jani pana, akaliweka juu ya kijani cha tatu.

Nilitazama ukingo wa jani. Nilikuwa nautafuta na siuoni vizuri. Ilibidi Mama Mbegu alisogeze jani ndipo nikajua lilipoishia.

Akachukua karatasi ya mwanzo na ya mwisho, akarudia. Akasema cha kwanza kingeweza kupauka nywele moja zaidi, lakini mkulima hana macho ya nywele. Akavaa koti la mvua. "Chapeni," akasema. "Na muwe mnaongea."

Mama mkwe hajasema lolote kuhusu tawini. Begi bado liko chini ya kitanda.

Jumatano, Machi 27

Kadi zimekwenda zote, zimefunikwa turubai. Hakuna neno. Mezani mama mkwe aliomba chumvi, nikaruka kama nimeitwa mahakamani.

Alhamisi, Machi 28

Tumeongea, mimi na mume wangu, kweli kweli. Nilimwambia nikitoa kitu kibovu aseme kibovu. Akaniambia hajui atalisemaje neno hilo kwa uso huu. Nikamwambia ageukie ukuta aseme. Akageuka, akauambia ukuta kwamba pilau yangu ya Jumapili ilikuwa imeshikana kama gundi. Nilikasirika sana. Halafu nikacheka mpaka wifi akagonga dirisha.

Leo halikuja ua.

Jumatatu, Aprili 1

Tumefika kazini tukakuta seremala kwa mashine, ana msumeno na mkebe wa misumari, anapima ukuta. Nilidhani wanaongeza ukuta, au wanaziba mlango nilioufungua, na kwamba jibu letu ndilo hilo. Mume wangu alisimama ameshika mwavuli uliofungwa, maji yakimdondokea kiatuni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kaunta anatazama mbao za seremala. Hakuinua kichwa.

"Tawini nimempata mtu mwingine," alisema. "Hana mke, ataniambia ukweli." Kisha akatuelekezea ukuta kwa kalamu. "Anatoboa hapo, usawa wa kifua. Mnapendana kimyakimya mno. Kimya chenu kimenilia karatasi nyingi kuliko mvua."

Nilitaka kumkumbatia. Alinyoosha kalamu kunizuia, akasema kuna kazi ya vibandiko vya sabuni inangoja, na kila mstari wa rangi kuanzia leo utatundikwa msumarini, na sisi wawili tutausoma kabla haujakunjwa kitu chochote.

Ijumaa, Aprili 5

Mvua inapungua. Dirisha dogo limekamilika, lina kizingiti cha mbao kinachonuka vanishi. Natazama kutoka kwenye kiti changu na namwona mume wangu kuanzia shingo hadi mkanda, na akiinama namwona uso.

Saa nne hivi aliinama. Akasukuma karatasi ya vibandiko vya sabuni kwenye kizingiti, mstari wake umeachwa pembeni, haujakatwa. Kijivu kilikuwa kijivu. Akatazama chini, akatazama ukuta, kisha akajitahidi akanitazama mimi.

"Buluu yako imelala, mke wangu," akasema.

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo tangu nizaliwe. Nikaivuta karatasi, nikaiweka kwenye mwanga, nikaitazama vizuri kabla ya kumjibu. Kweli ilikuwa imelala. Profaili ilikuwa bado ile ya kadi kavu, na vibandiko ni vya karatasi inayong'aa.

"Ngoja niiamshe," nikamwambia. "Usiguse skrubu."

Akainua mikono yote miwili juu niione.